Kadi za Kipande Nyumbani Kwangu

Mke wangu aliondoka Jumamosi alfajiri, likizo ya mwezi wa Juni ilipokuwa imeanza tu, kwenda Tanga kumtunza mdogo wake aliyekuwa amejifungua. Aliniachia watoto watatu, gunia la mkaa, debe la unga na agizo moja, ambalo alilitamka mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya bajaji: "Baba watoto, hawa wakusaidie kazi. Usiwafanyie, wala usiwabembeleze." Nilimjibu aende kwa amani, kwa kuwa jambo hilo lilikuwa ndani ya taaluma yangu.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari hapa Morogoro. Kwa miaka 19 nimekuwa nikiwaeleza watoto wa watu jinsi kazi ilivyopangwa katika mashamba ya mkonge enzi za ukoloni, na babu yangu mwenyewe alikata mkonge Kimamba. Kwa hiyo jioni ile, nilipoketi kutafuta utaratibu wa kuwafanya watoto waoshe vyombo, wafagie uwanja na wajaze maji bila makelele, sikuona haja ya kubuni kitu kipya. Nilichukua kipande cha manila, nikakata kadi tatu, na katika kila kadi nikachora nafasi 30, kama zilivyokuwa kadi za kipande walizopewa manamba, yaani vibarua wa mashamba hayo: mtu alipimiwa kazi yake ya siku, akiimaliza kadi inatiwa alama, na mshahara unalipwa kadi ikijaa. Kwangu nafasi moja ilikuwa sawa na vyombo kumi vilivyooshwa, au ndoo moja ya majani yaliyofagiwa chini ya mwembe, au madumu mawili ya maji, na thamani yake ilikuwa shilingi 200. Kadi nzima ilikuwa shilingi 6,000. Nilipiga hesabu kwamba katika siku nane hakuna mtoto ambaye angefika hata nusu ya kadi, nikalala nikiwa nimejipongeza.

Asubuhi niliwasomea masharti. Kifungua mimba, binti wa kidato cha pili ambaye kwa bahati mbaya nimemfundisha mwenyewe, aliinua mkono kama yuko darasani.

"Baba, kijiko nacho ni chombo?"

Nilitafakari kidogo, nikatoa tamko ambalo ningependa lifutwe katika kumbukumbu za familia: "Kila kinachooshwa ni chombo."

Jumapili ilipita vizuri mno. Uwanja ulifagiwa mara mbili, madumu yalijaa, na mtoto wa katikati, kijana wa darasa la sita ambaye kwa kawaida akisikia neno "vyombo" hushikwa na tumbo, alishindana mbio na dada yake kwenda karoni. Nilimpigia simu mke wangu kumweleza kwamba siku zote tatizo letu lilikuwa mbinu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama mtoto wa mwisho amepiga mswaki.

Jumatatu jioni nilipita karoni nikakuta mlima. Tulikuwa watu wanne, na siku nzima tulikuwa tumekula ugali kwa dagaa na kunywa chai, lakini nilihesabu vyombo 62. Mwalimu wa historia hawezi kukutana na idadi hiyo akapita kimya, kwa sababu ndiyo idadi ya miche ya mkonge iliyosalia hai kati ya miche 1,000 ambayo Mjerumani Richard Hindorf aliiagiza kutoka Florida mwaka 1893, na ambayo ilizaa mashamba yale yaliyompinda babu yangu mgongo. Vyombo vyangu navyo vilikuwa na nia ya kuzaana. Nilipochunguza niligundua kwamba dagaa walipakuliwa katika bakuli, mchuzi wao katika bakuli la pili, chumvi katika kisosi, na kila aliyesikia kiu alitwaa kikombe kipya, akanywa funda moja, akakipeleka kuoshwa kwa heshima zote. Kulikuwa na vijiko 17, ingawa ugali tulikuwa tumeula kwa mikono. Chini kabisa ya mlima nikaona kingo za dhahabu za sahani za wageni, zile ambazo mke wangu huzifungia kabatini na ambazo mimi, mwenye nyumba, nimezilia mara mbili tu tangu tuoane.

Jumanne zililetwa ndoo tisa za majani. Mwembe wetu ni mmoja, tena si mkubwa, na nilipoinama kuchambua ndoo ya saba nilikuta majani ya mwarobaini na ya mpera.

"Sisi tuna mpera?" nilimuuliza wa katikati.

"Ni upepo, baba."

Kisa kama hiki ninakijua vizuri. Mwaka 1902 Wafaransa waliokuwa wakitawala Hanoi walilipa fedha kwa kila mkia wa panya uliowasilishwa, na baada ya muda wakaanza kuona panya wasio na mikia wakikatiza mitaani, kwa sababu wawindaji walikata mkia na kumwachia panya aende akazae wengine. Nimekisimulia kisa hicho darasani mara nyingi na wanafunzi hucheka sana. Siku hiyo, nikiwa nimeshika jani la mpera wa jirani, nilikosa la kuchekesha ndani yake.

Jumatano nilirudi kutoka sokoni nikakuta karoni watoto wawili nisiowafahamu, mikono ikiwa imejaa povu hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ninyi ni watoto wa nani?"

"Sisi ni vibarua," alijibu mkubwa wao, akaendelea kusugua.

Ilibainika kwamba kijana wangu alikuwa amewaajiri kutoka nyumba ya tatu kwa malipo ya barafu moja ya ukwaju kwa kila vyombo 20, naye alikuwa ameketi kwenye kivuli, kadi mkononi, kalamu sikioni. Katika mashamba ya mkonge mtu wa namna hiyo aliitwa mnyapara, na ninakiri kwamba sehemu ndogo ya moyo wangu iliona fahari. Sehemu kubwa iliona kwamba hadi jioni hiyo kadi mbili zilikuwa zimejaa, kwamba ilinipasa kutoa shilingi 12,000 kutoka katika fedha niliyotenga kwa ajili ya luku, na kwamba kitinda mimba wangu, mwenye miaka saba, alibakiza nafasi nne tu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kumwaga maji ya dumu kwenye mchicha na kulijaza upya. Kabla ya kulala nilitangaza kwamba kuanzia kesho nafasi moja italipwa shilingi 100.

Alhamisi asubuhi hapakuwa na maji, hapakuwa na sufuria safi, na watoto wangu watatu walikuwa wameketi barazani wamevaa nguo za kutokea. Kifungua mimba alikuwa na daftari. Nililitambua mara moja, maana lilikuwa la somo langu, na ukurasa uliofunuliwa ulihusu mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam wa mwaka 1947, ule uliosambaa bara kufuata reli. Nilikuwa nimeusahihisha ukurasa huo kwa wino mwekundu na kuandika chini yake "Vizuri sana, zingatia sababu."

Alikuwa amezizingatia. Alisema kwamba wananiheshimu kama baba, lakini malipo ya awali yarejeshwe. Kwamba sufuria ya ugali ninayoipika mimi ihesabiwe kuwa chombo cha mazingira magumu, kwa sababu ukoko wake hulowekwa tangu asubuhi na bado jioni huondolewa kwa kisu. Na kwamba Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimtaka kila anayeweza kufanya kazi afanye kazi, ilhali katika nyumba hii kuna mtu mzima mwenye afya njema ambaye hajaosha hata kikombe chake. Aliongeza kwamba Azimio hilo hilo liliwaondoa watoto wadogo katika wajibu huo, hivyo kitinda mimba alistahili kutunzwa bila kutoka jasho. Kitinda mimba alitikisa kichwa taratibu, kwa uso wa mtu aliyeonewa tangu enzi za Wajerumani.

Nilijadiliana nao hadi saa tano, tukiwa na njaa pande zote mbili. Mwishowe nilitoa pendekezo nililoliona kuwa la busara kuliko yote, nalo ndilo lililoniangamiza. Nilisema tuachane na idadi, tulipane kwa ubora: mama yao anarudi Jumapili, na kila sufuria, birika au chombo chochote cha jikoni kitakachosuguliwa mpaka nione uso wangu ndani yake kitalipwa shilingi 500. Walinong'onezana, wakakubali, wakaenda kutafuta stilwaya.

Sijawahi kuona kazi kama ile. Kwa siku tatu uwanja wetu ulinuka ndimu na majivu. Walisugua kwa mchanga, walisugua kwa dodoki, wakasuuza na kusugua tena. Jumapili mchana walinipangia vyombo juani juu ya mkeka, nikapita na pochi mkononi kama mkaguzi, nikijitazama katika sufuria moja baada ya nyingine na kulipa. Katika chombo cha mwisho, cha bapa na chenye mpini, niliona hadi mvi za kidevuni. Nililipa shilingi 500 bila kujiuliza ni chombo gani.

Kilikuwa chuma cha chapati.

Anayejua jikoni hahitaji maelezo zaidi, lakini mimi nilihitaji, nami nilielezwa. Mafuta yanayopashwa moto juu ya chuma siku baada ya siku hugeuka utando mgumu, mweusi, unaoteleza, na utando huo ndio unaozuia chapati kuganda. Huo wa kwetu ulikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yetu, kwa sababu chuma hicho mke wangu alipewa na mama yake siku ya kuagwa, nacho kilikuwa kimeshapika chapati za Ramadhani na za Idi kwa miaka mingi kabla ya kufika Morogoro. Kilikuwa cheusi kama usiku. Ndiyo sababu sikukitambua kilipokuwa kinang'aa.

Mke wangu aliposhuka stendi ya Msamvu jioni ile hakuwa peke yake. Alikuwa amekuja na mama mkwe.

Nilimwamkia kwa kuinama kuliko kawaida. Alipumzika, akanywa maji katika kikombe kilichomulika hadi darini, akawasifu wajukuu kwa usafi, kisha akasema kwamba kwa kuwa mwanawe amechoka na safari, chapati atazipika yeye. Nilikaa sebuleni nikijifanya ninasoma. Nilisikia mafuta yakichacha, kisha kimya, kisha sauti ya mwiko ukikwangua. Moshi ulianza kuingia sebuleni. Chapati ya kwanza ilitoka vipande sita, ya pili haikutoka kabisa.

"Mkwe," aliita kwa upole, "hiki chuma kipya mmekinunua wapi?"

"Mama," nilisema, nikiwa nimesimama mlangoni, "ni kile kile."

Alikigeuza, akatafuta kwa kidole pengo dogo lililo kwenye ukingo wake, akalipata. Hakusema neno. Mke wangu ndiye aliyeuliza nani amefanya hivi, na watoto watatu, ambao kwa wiki nzima walikuwa wameshindwa kukubaliana zamu ya kufagia, walininyooshea vidole kwa pamoja. Kifungua mimba alileta na ushahidi: kadi, masharti niliyoyaandika kwa mkono wangu, na shilingi 500.

Hukumu ya mama mkwe ilikuwa fupi. Chuma kitapakwa mafuta membamba, kitawekwa juu ya mkaa mpaka kifuke moshi, kitapoa, kisha kitapakwa tena, na kazi hiyo itafanywa na mkwe wake, mara moja kila jioni, hadi weusi urudi. Akauliza kama ile karatasi yenye vyumba vyumba imebaki. Ilikuwapo ya kitinda mimba, ambayo ilikuwa na nafasi nne tupu, lakini wa katikati alijitolea kukata mpya yenye nafasi 30, tena alizichora kwa rula.

Hadi ninapoandika haya nimefikisha nafasi ya 11. Mkaguzi aliyeteuliwa ni kitinda mimba, ambaye kila jioni huja jikoni na kalamu, hukitazama chuma kwa makini, hukigeuza upande wa taa, na jana alikataa kutia alama.

"Baba," alisema, "bado ninakuona."