Nell hakulelewa na kitabu jamani

Kila ikizuka stori ya akili mnemba kufundisha watoto lazima atokee mtu aseme hii kitu ilishatabiriwa kwenye The Diamond Age, ile riwaya ya Neal Stephenson ya 1995, eti kitabu kinachoongea kinamwokota mtoto wa kike aliyetelekezwa kinamfanya malkia, kwa hiyo na sisi tutengeneze kitabu kama hicho tugawe dunia nzima tatizo la elimu liishe. Huwa najiuliza huyu mtu riwaya aliisoma mpaka mwisho au aliishia kwenye jalada la nyuma. Maana yenyewe inasema karibu kinyume chake, na inalisema wazi kabisa, halijafichwa popote.

Kwa ambao hamjaisoma nieleze kidogo (na ndiyo, nitamwaga kila kitu, riwaya ya zaidi ya robo karne haina siri tena). Tuko Shanghai ya siku za mbele, teknolojia ya nano (ya vimashine vidogo visivyoonekana kwa macho) imefika mahali kila nyumba ina mashine imeunganishwa kwenye bomba la malighafi, unataka godoro inakutengenezea godoro, unataka blanketi haya hilo hapo. Nchi kama tunavyozijua zimesambaratika, watu wanaishi kwa makabila ya kujichagulia, na kabila lenye hela zaidi ni la watu walioamua kuishi kama Waingereza wa enzi za Malkia Victoria, adabu nyingi, nguo nzito, chai kwenye vikombe vya maana. Mkubwa wao mmoja, Lord Finkle-McGraw, anaona watoto wa kwao wanakua wazuri, watiifu, na wamepooza. Waliojenga kabila walikuwa watu waliosumbuka, walitoroka huku wakagombana kule, sasa wajukuu zao wanakuta kila kitu kipo mezani. Basi anamwagiza injinia anayeitwa Hackworth amtengenezee mjukuu wake Elizabeth kitabu cha kumtia ukorofi kidogo, yaani kumfundisha kufikiri kwa kichwa chake. Hackworth naye ana binti, Fiona, kwa hiyo anatengeneza nakala ya magendo, na akiwa nayo njiani anakabwa na kundi la vijana wa mtaani. Mmoja wao ni Harv, na Harv anampelekea mdogo wake, Nell.

Hebu ona hapo. Kitabu kilitengenezwa kwa mtoto asiyekosa kitu isipokuwa matatizo, kikaangukia kwa mtoto aliyekuwa nayo ya kutosha na kubaki. Baba yake Nell kauawa kabla hajamjua, mama yake anabadilisha wanaume na baadhi yao ni wapigaji, na hakuna mtu mzima hata mmoja ndani ya ile nyumba aliyewahi kumtazama yule mtoto akamwona. Nell hakuhitaji kufundishwa uasi. Alihitaji mtu wa kumuuliza umeamkaje.

Na kitabu kinaanzia hapo hapo. Kinamsimulia habari za binti mfalme anayeitwa Nell, amefungwa kwenye ngome nyeusi kisiwani, yuko na mvulana anayeitwa Harv anayemlinda, na ana marafiki wanne, Dinosaur, Duck, Peter Rabbit na Purple, ambao ni midoli yake mwenyewe, ile ile aliyolala nayo jana. Kuna kipande kidogo mwanzoni nakipenda kuliko vita vyote vya mwishoni. Kwenye hadithi anatajwa kunguru, kwa Kiingereza raven, Nell hajui ni nini, anauliza. Picha ya kisiwa inageuka, unaona bahari mpaka upeo wa macho, kwa mbali kuna kidoa cheusi, picha inakisogelea kile kidoa mpaka kinakuwa ndege, na chini yake zinatokea herufi kubwa za jina lake. Kitabu kinamwambia sema na mimi, anasema, kinamsifia, halafu herufi ya kwanza inaanza kuwakawaka, ile R. Nell anaigusa kwa kidole. Herufi inakua inazisukuma nyingine nje ya ukurasa, kile kiduara cha juu kinakuwa kichwa, ile mistari ya chini inakuwa miguu, na herufi inaanza kukimbia. R ya run, yaani kukimbia. Huyu ni mtoto ambaye hajawahi kusomewa kitu na mtu yeyote, na somo lake la kwanza la kusoma limetoka kwenye swali alilouliza yeye mwenyewe. Hakuambiwa leo tunaanza na A. Mimi nadhani hapo ndipo Nell alipotengenezwa, mengine yote, kupigana, hesabu, adabu, yalikuja kukaa juu ya ile hali ya kuuliza na kujibiwa.

Sasa swali ni nani alikuwa anajibu.

Riwaya inasema bila kuzunguka kwamba teknolojia ya wakati ule inaweza kuunda karibu kitu chochote isipokuwa sauti ya mtu yenye uhai ndani yake. Kwa hiyo kitabu kinakodi waigizaji. Kila mtoto akifungua ukurasa, popote alipo, mwigizaji fulani kwenye kibanda chake anapokea maneno kwenye skrini anayasoma kwa sauti, analipwa kwa kazi ile, basi. Hajui nani anamsikiliza. Mfumo umejengwa makusudi asijue, malipo na ujumbe vinapitishwa njia ambayo haifuatiliki. Anayeangukiwa na Nell ni dada mmoja anaitwa Miranda, na Miranda mwanzoni anaichukua kama kazi nyingine tu. Halafu anaanza kuona maneno anayosomeshwa yana harufu mbaya. Hadithi zinazungumzia sana kujificha, kutoroka usiku, watu wabaya ndani ya nyumba, na anatambua kwamba kitabu hakibuni, kinachukua maisha ya mtoto wa kweli kinayafunga kwenye hadithi, na mtoto huyo yuko mahali fulani sasa hivi anapigwa, na yeye Miranda hana jina wala anwani, ana sauti tu. Anaacha kazi zenye hela zaidi ili abaki kwenye kile kitabu. Miaka. Huyo ndiye mama, na kwenye riwaya nzima hakuna tukio kubwa kuliko hilo kwa maoni yangu, japo mwandishi ametuwekea na majeshi na mitambo na mapinduzi.

Ndiyo maana nakasirika (kidogo) nikisikia watu wanasema kitabu kilimlea. Kitabu kilikuwa na akili sana, sikatai, kilijua kumpimia mtoto mzigo anaouweza. Ila ukimtoa Miranda unabaki na kitu kingine kabisa, na Stephenson amekuonyesha hicho kitu kingine ni nini, nakuja huko.

Kwanza Turing. Nell akishakua, binti mfalme wa kwenye hadithi anafika kwenye ngome inaitwa Castle Turing, jina limetoka kwa Alan Turing, yule Mwingereza wa hesabu ambaye mwaka 1950 aliandika makala akiuliza kama mashine inaweza kufikiri na akapendekeza mchezo, muulize maswali usiyemwona, ukishindwa kujua kama ni mtu au mashine basi mashine imeshinda. Kwenye ngome Nell anaandikiana na bwana mwenye ngome na kazi yake ni kugundua huyu ni mtu au ni minyororo na magurudumu tu. Anajaribu kumwandikia kwa lugha ya mafumbo na ushairi, majibu yanayorudi hayana mantiki, anajua, hii mashine. Anajifunza programu zinavyofanya kazi, ngome moja baada ya nyingine, mpaka anazielewa kuliko wengi waliozitengeneza. Na akishajua kutofautisha, anakigeuzia kitabu chenyewe jicho lile lile na anaona, kumbe humu ndani kuna mtu. Aisee. Kitabu chenyewe ndicho kilichomfundisha mtoto kugundua kwamba kuna mtu nyuma yake, na kuanzia hapo haja yake kubwa inakuwa kumtafuta yule mtu. Siku hizi tuna programu za kuchati zinazojitahidi usiku na mchana usijue kama ni mashine, na bado tunaitaja riwaya hii kana kwamba ndiyo iliyozibariki.

Halafu kuna wale wasichana watatu. Kitabu kile kile, injinia yule yule. Elizabeth alisomewa na waigizaji mamia, leo huyu kesho yule, hakuna aliyebaki. Fiona, ambaye baba yake alipotelea chini ya bahari kwa miaka mingi, sauti ya kitabu chake kwa sehemu kubwa ilikuwa ya huyo huyo baba, Hackworth, akiwa huko huko alikopotelea. Nell alikuwa na Miranda. Elizabeth akaishia kuwakimbia watu wake na kujiunga na kundi la siri, Fiona akajiunga na kikundi cha maigizo London, Nell akawa Nell. Mwandishi anakaribia kuiweka kama jaribio la maabara, karibu na mwisho wazee wenyewe wanakaa wanaulizana kwa nini matokeo yametofautiana hivi. Sitaki kuikamua zaidi ya inavyostahili, ni riwaya, mwandishi anachagua matokeo anayotaka. Ila kama mtu anaitumia riwaya kama ushahidi basi aitumie yote.

Ukitaka ushahidi wa nje ya riwaya, mwaka 1984 Benjamin Bloom, mtafiti wa elimu wa Marekani, aliandika kwamba mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa peke yake na mwalimu wake aliwazidi karibu asilimia 98 ya wale wa darasa la kawaida. Waliokuja baadaye hawakupata tofauti kubwa kiasi hicho, lakini kwamba kufundishwa mmoja kwa mmoja kunasaidia sana hakuna anayebisha. Wauzaji wa programu wanaipenda namba ya Bloom kuliko kitu chochote, na kila wakiitaja wanaruka neno moja, mwalimu. Wale walikuwa watu.

Kuna na hii ya pembeni inanichekesha. Amazon walipokuwa wanatengeneza Kindle, kile kifaa cha kusomea vitabu kilichotoka 2007, jina lake la ndani lilikuwa Fiona, limetoka kwenye riwaya hii. Katika wasichana wote wakamchagua yule ambaye baba yake hayupo nyumbani na anampata kupitia kwenye kifaa. Sijui kama waliiona.

Na sasa Harv, ambaye hakuna anayemwongelea. Kabla ya kitabu, aliyekuwa anamlea Nell ni Harv, naye ni mtoto. Harv ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kutumia ile mashine ya kutengeneza vitu, Harv ndiye aliyekuwa akijiweka katikati yake na wanaume wa mama, na kitabu chenyewe ni Harv aliyekileta, angeweza kukiuza. Yeye kusoma hajui, na hakuna ukurasa hata mmoja uliogeuka kuwa kwa ajili yake. Wanapotoroka wakafika kwenye kijiji cha mafundi wanaofanya kazi kwa mikono, Nell anapokelewa, Harv hawezi kubaki kwa sababu ni mkabaji anayejulikana, anamwacha mdogo wake pale anaondoka, na mapafu yake yameshaanza kuharibika kwa lile vumbi la vimashine vidogo lililojaa mitaa ya maskini. Na rudi kwenye hadithi ya ngome nyeusi, binti mfalme alitoka akamwacha Harv amefungwa ndani, akaenda kutafuta funguo kumi na mbili za kumfungulia. Kitabu kilijua mapema kwamba mmoja atatoka na mwingine atabaki. Hilo linaniuma kuliko kipande kingine chochote, maana hata kwenye hadithi ya kuwakomboa waliotelekezwa nafasi ilikuwa ya mmoja.

Nilisema nitarudi kwenye kitabu kisicho na Miranda. Kuna watoto wa kike wa Kichina, robo milioni, waliotupwa na familia zao wakaokolewa, na Hackworth kama sehemu ya adhabu yake kwa ile nakala ya magendo anatakiwa awatengenezee vitabu. Waigizaji wa kuwatosha hawapo kwa hiyo wanasomewa na sauti ya mashine. Wote wanapata somo bora, wanajifunza kupigana, kushirikiana, kupanga, na wanachotoka nacho ni jeshi, wasichana wenye nidhamu ya kutisha wanaotembea kama mwili mmoja, na malkia wao ni Nell. Wanamwokoa, wanapiga magoti, tunashangilia. Hapa ndipo ugomvi wangu na Stephenson ulipo. Kama hoja yako ni kwamba sauti ya mashine inazalisha jeshi na sauti ya mtu inazalisha mtu, sawa, nimekuelewa, lakini basi usinipe robo milioni ya watoto wasio na sura wala majina, waliotelekezwa kuliko Nell, halafu kazi yao pekee iwe kumbeba mtoto mmoja mwenye jina. Riwaya ina kurasa kama mia tano, na mwisho wenyewe umeenda mbio kiasi kwamba Nell anampata Miranda ndani ya kurasa chache na kitabu kinafungwa. Nafasi ilikuwepo. Ningetoa sura zote za Hackworth kule chini ya bahari nipewe sura moja tu ya msichana mmoja wa lile jeshi, usiku wenzake wamelala, anakiuliza kitabu chake kunguru ni nini.