Kazi Tunayo, Mwajiri Haonekani

Jana nimemsikia kiongozi mmoja redioni akiwahimiza vijana wachangamkie kazi za mtandaoni, eti siku hizi mwajiri anaweza kuwa popote. Kweli kabisa. Siku ya kudaiwa mshahara ndipo anakuwa popote zaidi.

Binamu yangu wa Rongai ana digrii ya takwimu. Alisaga soli mpaka akachoka, kisha akapata kazi ya kuchora visanduku kwenye picha, kimoja kwenye gari, kingine kwa mtu anayevuka barabara, ili magari ya ughaibuni yajifunze kujiendesha. Asubuhi moja akaunti ikagoma kufunguka. Kuuliza, anajibiwa na mashine. Hela zilizokuwa zikisubiri kulipwa zikaenda hivyo. Amshtaki nani? Hana mkataba wala meneja, hata mlango wa kubisha hana.

Walio na ofisi nao wana dalali. Mwaka 2023 jarida la Time lilifichua kwamba OpenAI, kampuni ya Marekani yenye ChatGPT, iliiahidi Sama, dalali wake mwenye ofisi Nairobi, dola 12.50 kwa saa kwa kazi ya kusoma na kutenga maandishi machafu. Kijana wa Nairobi aliyeyasoma alibaki na kati ya dola 1.32 na 2. Mwaka huohuo waliokuwa wakichuja video za Facebook walipoachishwa kazi, wakaenda kortini. Meta, mwenye Facebook, ikadai haina makao Kenya, isishtakiwe hapa. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema itashtakiwa hapahapa, na mimi nikashangilia kama niliyeshinda kesi. Kumbe mwaka huohuo Seneti ilikuwa na mswada wa kumkinga mteja wa nje dhidi ya madai ya wafanyakazi wa dalali wake! Eti tusifukuze wawekezaji. Mwekezaji anayekimbia kwa kuombwa alipe haki za watu, amewekeza nini hasa?

Sawa, nakubali shingo upande: hela hizo zimewalipia vijana hawa kodi za nyumba na karo za wadogo zao. Na wale waliokuwa wakiwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo, ambao akili bandia imewapokonya tonge, hao sitawalilia hadharani.

Ninachotaka ni kifungu kimoja tu cha sheria. Anayepanga kazi, anayeamua kasi yake na kuchukua matokeo, ahesabiwe mwajiri hata akiwa California. Dalali akifunga duka, deni limfuate mwajiri huyo. Maseneta wanaweza kukiandika kabla ya chai ya saa nne. Kile cha kumkinga tajiri hakikuwashinda.