Mjomba hayumo kwenye orodha: misiba, kazi na presha huku kusini

Kuna kauli utaisikia Mtwara kwenye kampuni nyingi zenye meneja aliyeletwa kutoka Dar, Moshi au Mwanza: watu wa kusini kazi hawaiwezi, kila wiki wana msiba. Anaisema huku anacheka, na ukikunja uso anakwambia utani tu kaka. Sasa utani una wenyewe, na mtani wa kweli angekuja mpaka msibani akazuia jeneza mpaka alipwe. Huyu haji. Halafu Desemba ikifika kauli ileile unaikuta kwenye tathmini yako, imeandikwa kwa lugha ya ofisi, "utoro" au "hajitumi".

Sibishi kwamba utoro upo. Wapo watu wanaoutumia msiba kama kichaka, tunawajua, na wao wenyewe wanajijua. Ninachobisha ni haraka ya kuugeuza kuwa tabia ya kabila zima wakati sehemu yake nzuri tu imetengenezwa na karatasi, yaani jinsi likizo ya msiba ilivyoandikwa na jinsi mameneja wanavyoisoma.

Tuisome basi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, inampa mfanyakazi angalau siku 4 za malipo mtoto wake akiugua au akifariki, au akifiwa na mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Siku zisipotosha anaweza kuomba nyingine, mwajiri akiridhia anaenda, ila hizo za nyongeza hazina malipo. Irudie hiyo orodha ukiwa Mmakonde, Mmakua, Myao au Mmwera. Mjomba hayumo.

Wa huku hawahitaji maelezo, lakini kwa wageni wetu niseme kidogo. Koo za huku kwa asili zinahesabiwa upande wa mama, kwahiyo mtoto ni wa kwao mama yake na mwanaume mwenye sauti juu yake ni kaka wa mama. Posa inapita kwake, mambo ya jando anashirikishwa, ugomvi wa mikorosho kati ya ndugu mara nyingi unaishia barazani kwake. Ni kweli siku hizi mambo yamelegea, dini, mahakama na maisha ya mjini vimempunguzia nguvu, baba naye anataka shamba alilolihangaikia liende kwa wanae na mimi simlaumu. Lakini subiri mjomba afe ndo utajua bado ni nani. Wewe mtoto wa dada yake huendi kutoa pole na kuondoka, wewe ndo mfiwa, kuanzia sanda mpaka chakula cha watu mpaka kile kikao cha kuamua nani atashika mambo ya ukoo. Usipoonekana siku hiyo watu hawatasema uko bize, watasema umejitoa, na neno hilo litakusubiri siku utakapofiwa wewe.

Chukua mtu wa zamu kwenye ghala la korosho, anapigiwa simu alfajiri kwamba mjomba kafariki Newala. Akate siku kwenye ile likizo yake ya mwaka ya siku 28 ambayo alishaipangia mambo, au aombe bila malipo kwa bosi ambaye anajua atajibu nini, au aseme amefiwa na baba. Hiyo ya mwisho ndo imezaa vile vichekesho vya ofisini vya jamaa aliyezika baba watatu, tunacheka wote, ila hakuna anayeuliza kwanini mtu mzima mwenye akili zake aanze kumzushia kifo baba yake mzazi aliye hai.

Mwaka 1967 madaktari wawili wa magonjwa ya akili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walitoa orodha ya matukio 43 ya maisha na kila tukio wakalipa alama kulingana na uzito wake kwa mtu. Kufiwa na mwenza ni 100, ndo la juu kabisa. Kufiwa na ndugu wa karibu wa familia, 63. Kufukuzwa kazi, 47. Kufiwa na rafiki wa karibu, 37. Ugomvi na bosi, 23. Mimi hapo kwenye 63 na 37 ndo nimeganda, maana swali linakuja lenyewe: mjomba anakaa wapi? Kwa meneja aliyekulia kwenye ukoo wa baba, mjomba ni yule mzee mpole wa kukupa hela ya soda ukienda kumsalimia, akifa utaumia, ila ukimpa 37 zile za rafiki wala hujamdhulumu. Kwa kijana wa Tandahimba ni 63 bila mjadala, na wengine wangeongeza. Watu wawili, meza moja, kifo kimoja, na kati yao kuna pengo la alama 26, ambalo ni zaidi ya alama za kugombana na bosi. Halafu ugomvi wenyewe nao unakuja, kwasababu ruhusa imekataliwa au imetolewa kwa masimango, kwahiyo kijana yuko makaburini na 63 zake na huku kwenye simu kuna meseji za 23. Jumlisha, 86. Najua kuzijumlisha hivi ni kama mchezo, alama zenyewe ni za zamani, ni za Wamarekani, hazikupimwa kwa mtu wa Masasi. Lakini hoja yangu ndo iko hapohapo: mizani yoyote ya huzuni inabidi kwanza mtu aamue ndugu wa karibu ni nani, na kazini anayeamua hilo sio mfiwa.

Robert Karasek naye, mtafiti wa Marekani wa mambo ya presha kazini, mwaka 1979 alionyesha kwamba kinachombana mfanyakazi sio wingi wa kazi peke yake, ni kazi nyingi ikikutana na kukosa kauli juu ya mambo yako mwenyewe. Ndo maana huwa sielewi kampuni inayoleta mtoa mada wa afya ya akili, maji ya chupa na fulana juu, wakati mfiwa wao bado anasimama mlangoni kwa bosi kuelezea marehemu alimhusu kwa kiasi gani.

Haya, upande wa pili. Mwajiri naye ana hoja na sio za kubeza. Msimu wa minada ya korosho unaanza Oktoba, malori yamepanga foleni, bandarini meli haisubiri mtu atoke makaburini, na kampuni yenye watu sita tu akiondoka mmoja imepungukiwa karibu asilimia 17 ya nguvu kazi kwa mpigo. Pia sio haki kuisema sheria yetu kwamba imenakiliwa Ulaya, maana babu, bibi na mjukuu wamo, aliyeiandika aliijua familia ya Kiafrika. Na ukianza kuongeza huachi: ukimwingiza mjomba wa Mmakonde, Mhaya atakuuliza baba mdogo je, mwingine shangazi aliyemlea je, na hoja zao zina uzito uleule, nikikataa nitakuwa natetea kwetu tu.

Halafu kuna yule anayebaki kazini. Mara nyingi ni mgeni, Msukuma au Mchaga asiye na ndugu hata mmoja hapa mjini, ndo anayeombwa aunganishe zamu mbili kwasababu "wewe huna msiba". Huyu kinyongo chake ni cha kweli. Na akifiwa yeye, tena na mtu aliyemo kwenye orodha, siku zake 4 zinaishia barabarani, maana Mtwara mpaka Dar ni kama kilomita 560 na ukitoka hapo Mwanza bado ni zaidi ya kilomita 1,100. Anafika watu wameshazika. Siku zilezile 4, mmoja zinamtosha mpaka hitma ya siku ya tatu, mwingine zinamfikisha stendi. Kwahiyo kanuni moja kwa wote sio lazima iwe sawa kwa wote, na hapa anayeumia ni mgeni kuliko sisi.

Ila tusidanganyane kwamba ofisi haziwezi kulegeza. Desemba Wachaga wakielekea Moshi ratiba zinapangwa kuwapisha na hakuna anayesema Mchaga hajitumi. Mwezi wa Ramadhani zamu nyingi huku zinasogezwa ili watu wakafuturu, tena na mabosi wasiofunga. Kinachoanguka kwenye kalenda inayojulikana kinaheshimiwa, msiba wa mjomba hauna kalenda. Na hii kauli ya uvivu kwa watu wa Mtwara inagusa kidonda, sisi tunaikumbuka Mei 2013 na vurugu za kupinga bomba la gesi kwenda Dar, hisia kwamba mali ni ya hapa na wenye nafasi zao wanatoka kwingine. Meneja akisema "watu wa huku" anadhani anaongelea utoro, anayemsikiliza anasikia mengine kabisa.

Mimi sioni haja ya kusubiri Bunge. Sheria imesema angalau, maana yake mwajiri anaweza kwenda mbele zaidi kesho asubuhi. Idadi ya siku ibaki ileile, wale wa kwenye sheria wabaki palepale, ila siku ya kuajiriwa mtu aongezewe nafasi mbili tatu kwenye fomu ajaze mwenyewe: huyu mjomba wangu fulani, huyu shangazi aliyenisomesha. Myao atajaza wake, Mhaya wake, na yule aliyelelewa na jirani atamjaza jirani, inamuuma nani? Majina yameandikwa kabla kifo hakijatokea, kwahiyo baba wa tatu hawezi kufa. Wa mbali aongezewe siku za njia. Bosi ataniambia wataandika wazee watupu wa miaka 90, na mimi namjibu waandike, huyo mzee atakufa mara moja.

Fomu haimsaidii yule anayebaki. Hapo hakuna ujanja ni hela, sheria hiyohiyo inasema saa za ziada zilipwe sio chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, na zisizidi saa 50 ndani ya wiki nne. Mgeni aliyeshika zamu ya mfiwa alipwe hivyo, kwa maandishi, sio asante na soda, na fungu hilo liwekwe kwenye bajeti tangu Septemba kabla magunia hayajaanza kuingia ghalani.