Mwalimu mtarajiwa wa sayansi na Boma la Arusha

Juu ya Barabara ya Boma mjini Arusha kuna boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1900, na tangu 1987 ndani yake mna Makumbusho ya Elimu Viumbe. Makundi ya shule huingia, hunakili maelezo daftarini, hupiga picha na kuondoka. Kwa vyuo vinavyoandaa walimu wa sayansi, kama Monduli na Chuo Kikuu Katoliki cha Mwenge kule Moshi, swali ni jingine: je, mwanachuo ajifunze kufundisha humo humo?

Kuna waliojaribu. Makumbusho ya historia ya asili ya Marekani, jijini New York, yalianza mwaka 2012 kutoa shahada ya uzamili ya ualimu wa sayansi ya dunia, kwa miezi 15. Ila sehemu kubwa ya muda huo mwanachuo yuko shuleni, na makumbusho hutumika hasa majira ya kiangazi. Makumbusho yenye vielelezo zaidi ya milioni 30 hayakuthubutu kulipokonya darasa nafasi yake.

Faida kubwa ya makumbusho, kwa maoni yetu, ni kumnyang'anya mwanachuo ubao. Darasani huanza na fasili, wanafunzi wakanakili, kipindi kikaisha. Mbele ya fuvu kwenye makumbusho hana pa kujificha: lazima aulize, kisha anyamaze. Kunyamaza huko ndiko kugumu. Mtafiti Mary Budd Rowe alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa sekunde moja tu, na wakifikisha tatu majibu ya wanafunzi hurefuka. Mkufunzi mwenye saa ya mkononi anaweza kulipima hilo papo hapo, na mwanachuo akarudia swali lile lile kwa kundi linalofuata baada ya dakika kumi. Shuleni nafasi ya kurudia somo moja mara nne kwa asubuhi moja haipatikani.

Chukua nyayo za Laetoli, alama za viumbe wa kale waliotembea kwa miguu miwili, zilizogunduliwa 1978 kwenye jivu la volkano lenye umri wa takriban miaka milioni 3.6. Kabla ya kwenda makumbusho, tandaza mchanga mbichi kwenye turubai, urefu wa mita 3, kina cha sentimita 5. Ukiukamata mkononi ushikane bila kuchuruza maji. Ukizidi maji unyayo unabomoka, ukikauka kingo zinamong'onyoka. Wanachuo watembee pekupeku, wapime nyayo na vimo vyao, watafute uwiano wenyewe. Kwa watu wa leo wayo huwa kama asilimia 15 ya kimo, kwa hiyo unyayo mdogo wa Laetoli, wa sentimita 18 hivi, unaashiria mtu wa sentimita 120.

Hapa ndipo panapoharibika. Futi kamba ikianzia kwenye ukingo uliobomoka, kosa la sentimita moja linabadili kimo kwa karibu sentimita 7. Mwanachuo mwenye haraka hutaja ile asilimia 15 mwanzoni, na uchunguzi umekufa. Na wachache hukumbuka kuuliza kama uwiano wa watu wa leo unawafaa wale wa Laetoli, ambao wataalamu wengi huwahesabu kuwa Australopithecus afarensis, spishi ya kale iliyotangulia binadamu wa leo. Swali hilo lina sayansi nyingi kuliko jibu la 120.

Upande wa pili una uzito. Kutoka Moshi ni kama kilomita 80, na Kosta ya kukodi hula fedha ambazo zingenunua bureti na pipeti. Hakuna kabati la kioo litakalomfundisha mwanachuo kusoma ujazo usawa wa jicho, wala kuunganisha ammita. Kemia na fizikia zinabaki maabara. Lugha nayo inasumbua: makumbusho mazungumzo hunoga kwa Kiswahili, ilhali sekondari atafundisha kwa Kiingereza. Zaidi ya yote, aliyezoea watu watano mbele ya fuvu atakuta wanafunzi 60 na ubao mtupu.

Hoja hii ya mwisho ndiyo inayotuamulia. Safari moja ya kutalii haina thamani ya mafunzo, na chuo chenye bajeti ya safari moja kinunue vifaa vya maabara. Penye uwezo, ziwe ziara mbili: ya kwanza kuangalia na kuandika andalio la somo, ya pili kila mwanachuo kufundisha makundi manne ya watu watano. Tathmini ifanyike shuleni, wakati wa mazoezi ya kufundisha, kwa nyayo zilizochorwa kwa ukubwa halisi kwenye karatasi za manila, karatasi moja kwa wanafunzi sita, na mkufunzi amekaa nyuma akihesabu sekunde baada ya kila swali.