Kadi ya Pakiti ya Unga

Ukitaka kumtia mtu wa Nairobi wasiwasi, mpe bahasha. Mwaka jana nilimpa mwenzangu wa kazini kadi ya siku yake ya kuzaliwa, niliyoitengeneza mwenyewe, na kabla hajaifungua aliuvuta mkoba wake karibu na kifua. "Ni ya harusi ama ni ya hospitali?" akauliza. Hapa kwetu kadi ni mchango. Ina mistari, majina na kiasi, na ukishaona waliokutangulia waliandika ngapi huna tena pa kujificha. Siku hizi mambo hayo yamehamia kwenye vikundi vya WhatsApp, lakini hofu ya bahasha imebaki palepale. Alipoona ndani hamna mahali pa kujaza kiasi, alicheka, akaigeuza nyuma, akaikaribisha machoni. "Woi, hii si pakiti ya unga?"

Ni pakiti ya unga, ya kilo 2, na sikuwa na nia ya kuficha.

Watu wanaotengeneza kadi kwa vitu vya nyumbani hupenda kujitetea kwa sababu mbili, na zote mbili mimi sizikubali. Ya kwanza ni kuokoa pesa. Kadi moja hunila saa nzima na zaidi, Jumamosi jioni, muda ambao ningeweza kupiga pasi nguo za wiki nzima au kulala. Hesabu hiyo haiokoi chochote. Ya pili ni mazingira. Dandora, ambako taka za jiji hili zimemwagwa tangu miaka ya 1970, haitapungua kwa sababu mimi nimehifadhi pakiti kumi na mbili chini ya kitanda. Kilichogeuza mambo mtaani kwetu ni sheria: mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 28, 2017, hata mama mboga wangu alianza kufunga sukuma kwa gazeti. Kadi yangu haijawahi kumbadilisha mama mboga.

Sababu yangu ni ndogo zaidi. Nataka anayeipokea ajue imetoka nyumba gani.

Pakiti ya unga wa ugali ni karatasi nzuri kuliko nyingi zinazouzwa madukani, kwa kuwa imeumbwa kuvumilia kurushwa kutoka kwenye lori. Nafungua mshono wa gundi ulio mgongoni polepole, kwa kisu butu, nakung'uta unga uliojificha kwenye pembe, kisha napangusa kwa kitambaa kikavu. Maji hapana, kwani unga ukilowa unashika na karatasi inajikunyata. Upande wa ndani ni mtupu, tayari kuandikwa. Upande wa nje una rangi na tarakimu, na hapo ndipo raha ilipo. Mtoto wa jirani yangu wa ghorofa ya pili alipotimiza miaka miwili, nilikata ile 2 kubwa ya kilo 2 na kuibandika katikati ya kadi, nikaacha neno "kilo" likichungulia pembeni. Babake alinipigia simu kuniambia mtoto ana kilo kumi na tatu, nirekebishe.

Jambo ambalo hakuna aliyenifundisha, nikalijua baada ya kuharibu kadi nyingi, ni kwamba karatasi ina mkondo wa nyuzi kama ubao. Ukiikunja kwa kufuata nyuzi inalala bila ubishi. Ukiikunja kwa kuzikata, mkunjo unapasuka na kuota vinyweleo. Kuujua mkondo ni rahisi: ipinde kidogo bila kuikandamiza, kwanza kwa urefu, halafu kwa upana. Itakapokubali bila kukusukuma mkono, hapo ndipo pa kukunjia. Maboksi ya dawa ya meno na ya majani ya chai ndiyo yenye kiburi zaidi. Hayo nayapitishia kwanza biro iliyoisha wino kando ya rula, nikikandamiza, ndipo yanatii. Na upande wao unaong'aa haushiki gundi mpaka uusugue kwa msasa.

Gundi ni unga wa ngano. Vijiko viwili, maji baridi nusu kikombe, koroga mpaka madonge yaishe, bandika motoni hadi iwe kama uji mzito. Krismasi moja nilitengeneza kadi kumi na mbili kwa gundi hiyo, nikaipaka nene kwa furaha, nikaziweka kwenye kabati la jikoni nisubiri wiki ifike. Mende wa jengo letu nao walikuwa wakisubiri. Nilizikuta zimetobolewa sawasawa palipokuwa na gundi, kwa unadhifu wa fundi cherehani, nyota zote zimeanguka. Tangu hapo napaka nyembamba, nazilaza usiku kucha kati ya vitabu vizito hadi zikauke kabisa, kisha naziweka kwenye bati la biskuti lenye kifuniko.

Sasa kuna wale wanaonichekesha. Wanashuka mjini, wananunua karatasi za rangi, utepe, vumbi la kumetameta na gundi ya kuyeyusha kwa umeme, elfu mbili zinaisha kabla hawajaiona hata bahasha, halafu wanapiga picha na kusema wametumia vitu vya nyumbani. Nyumbani kwa nani? Ninayo sheria moja, na jamaa zangu wameichoka: kisinunuliwe kitu kwa ajili ya kadi. Nikikosa nyekundu, sina nyekundu. Kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi ya mwaka uliopita ina nyekundu kila Jumapili.

Nilipoanza kusoma habari za kadi nilitarajia hadithi ya mapenzi. Kumbe kadi ya Krismasi ya kwanza kuuzwa, huko London mwaka 1843, ilitokana na mtu aliyezidiwa na barua. Henry Cole, aliyekuwa ameshiriki kuanzisha posta ya bei nafuu ya Uingereza mwaka 1840, alilemewa na watu wa kuwajibu, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree salamu moja ya wote, ikachapishwa. Zilizobaki ziliuzwa kwa shilingi moja moja. Yaani kadi ya dukani ni njia ya mkato tangu siku ya kwanza, na ile picha ya maua inayosambazwa kila asubuhi kwenye kikundi chetu cha ukoo ni mjukuu wa Bwana Cole. Simlaumu. Hata mimi huitumia kwa wale nisiowapenda sana.

Nakumbuka sakses kadi za wakati wetu wa mtihani, zile zilizopangwa kando ya barabara kila Oktoba, kubwa kama mto wa kulalia, ukizifungua zinaimba. Mimi nilipata nne. Tatu zilikuwa na maneno yaleyale, na moja iliendelea kuimba ndani ya sanduku bwenini mpaka saa nane za usiku betri ilipofariki. Sikumbuki ni nani aliyenipa ipi.

Lakini kuna kadi nyingine iliyozaliwa kwa kukosa. Baada ya vita vya pili vya dunia, msichana wa miaka saba wa Chekoslovakia, Jitka Samková, alitaka kulishukuru shirika la UNICEF kwa msaada uliofika kijijini kwao. Karatasi hakuna. Akachora juu ya kipande cha kioo. Mwaka 1949 mchoro huo ukawa kadi ya kwanza ya UNICEF. Kile kioo hunijia akilini kila ninapotamani kwenda kununua karatasi.

Hazina kubwa ya nyumba yetu, hata hivyo, si karatasi. Ni leso, yaani kanga. Leso ikichakaa huanza kufa katikati, pale kwenye mji, kwa kufungwa na kufuliwa, lakini jina lake, yale maneno yaliyochapwa juu yake, mara nyingi hubaki zima. Shangazi yangu wa Mombasa hunitunzia zilizokwisha, nami nakata yale maneno, nabandika juu ya katoni, na kadi imeshasema yake bila mimi kuumba sentensi. "Wema hauozi" nilimpa mwalimu wangu wa zamani alipostaafu. "Mgeni njoo mwenyeji apone" ilikwenda kwa mtoto mchanga. Inabidi uchague kwa makini, maana leso nyingi zilichapwa mafumbo ya kuwasuta majirani. Nina "Hasidi hana sababu" tatu, nzima kabisa, na sijapata bado mtu wa kumtakia nayo heri ya siku ya kuzaliwa.

Mamangu nilimtengenezea ya pakiti ya unga, siku alipotimiza miaka sabini. Niliandika ukurasa mzima kwa ndani, mambo ambayo sijui kuyasema kwa mdomo, kuhusu miaka ile ya Kayole alipokuwa akipika maandazi saa kumi alfajiri ndipo twende shule na nauli. Aliisoma polepole, miwani puani, akasema, "Asante, mwanangu," akauliza kama nimekula.

Mwezi uliofuata nilienda kumwona, nikataka kujitengenezea chai. Bakuli la sukari halikuwa na kifuniko, kilivunjika zamani. Juu yake, kuzuia sisimizi, alikuwa ameweka kadi yangu, imefunguliwa, maandishi yakitazama dari, duara hafifu la ukungu wa birika limechorwa pembeni.

"Mama, hii si kadi yangu?"

"Ndiyo. Ni karatasi ngumu, hiyo," akasema. "Na kila nikitia sukari naisoma tena."