Estrojeni ikishuka: kuvumilia au kuongezewa?

Saa tisa usiku mwanamke wa miaka 49 anaamka kifua kikiwaka, shuka limelowa jasho mgongoni, na mumewe kando yake amejifunika blanketi hadi shingoni. Kukicha anapata ushauri wa aina mbili. Dada yake anamwambia, "Ni umri tu, vumilia, sote tumepita huko." Rafiki yake anasema, "Umepungukiwa homoni, kapime wakuongezee." Mimi naona wote wawili wana hoja, na wote wawili wanaruka swali la kwanza: estrojeni, homoni kuu ya kike inayotoka kwenye ovari, imeshuka katika umri gani, na kwa sababu gani?

Wa kuvumilia ana haki kiasi. Kukoma hedhi si ugonjwa. Kwa wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55, ovari zinapoishiwa mayai, na yale mawimbi ya joto mara nyingi hutulia yenyewe baada ya miaka kadhaa. Lakini si kila kitu kinachotulia. Ukavu wa uke, maumivu wakati wa tendo la ndoa na maambukizi ya mkojo yanayojirudia huwa yanazidi kadiri miaka inavyosonga, na mifupa hupungua uzito kimyakimya mpaka siku mtu anapoteleza bafuni na kuvunjika nyonga.

Hofu ya kuongezewa nayo haikutoka hewani. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani, Women's Health Initiative, ulisimamisha mapema sehemu iliyowapa wanawake zaidi ya 16,000 estrojeni pamoja na projestini, yaani dawa inayofanya kazi kama homoni ya projesteroni. Saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda viliongezeka. Duniani kote wanawake waliacha dawa. Kilichosikika kidogo ni ukubwa wa ongezeko lenyewe: kwa saratani ya matiti, wagonjwa 8 zaidi kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Kilichosikika kidogo zaidi ni kwamba wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63. Huyu wetu ana 49. Leo mwongozo wa kawaida ni kwamba kwa aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, na anayeteswa na dalili, faida kwa kawaida huzidi hatari. Anayebaki nje ni kama aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda, au anayetokwa damu ukeni bila sababu kujulikana. Mwenye mfuko wa uzazi lazima apewe na projesteroni, maana estrojeni peke yake huweza kuzaa saratani ya ukuta wa mfuko huo. Estrojeni ya kubandika kwenye ngozi haigandishi damu kama ya vidonge.

Hilo la "kapime" linanipa shaka. Kwa aliyevuka miaka 45 mwenye dalili za wazi, kipimo cha damu hakisaidii sana. Homoni wakati huo hupanda na kushuka, leo juu, wiki ijayo chini. Anayemuuzia vipimo vya kila mwezi anamuuzia wasiwasi.

Kwa msichana wa miaka 24 mambo yanageuka. Hedhi ikipotea miezi mitatu mfululizo na hana mimba wala hanyonyeshi, hapo kupima ni lazima, na "vumilia" ni ushauri mbaya. Huenda anakimbia kilomita nyingi na kula kidogo. Mwili ukiona nishati haitoshi, hufunga duka la uzazi kwanza. Dawa yake kubwa ni chakula na kupunguza mazoezi. Akipewa vidonge vya uzazi wa mpango damu itarudi, na atadhani amepona, kumbe damu hiyo imeletwa na vidonge na mifupa bado inalika. Au huenda tezi ya pituitari, ile ya chini ya ubongo inayoziamuru ovari, ina hitilafu. Au ovari zimechoka kabla ya miaka 40, na huyo ndiye ambaye hofu ya 2002 ilimwonea zaidi: yeye haongezewi kitu cha ziada, anarudishiwa kile ambacho wenzake wa umri wake wanacho, na hushauriwa kuendelea nacho hadi karibu miaka 50, isipokuwa kuna sababu ya kumzuia.

Nikirudi kwa wakubwa, kuna jambo dogo linaloniudhi. Mama wa miaka 66 anaandikiwa krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, kiasi kidogo ambacho karibu hakifiki kwenye damu. Anafungua boksi, anasoma karatasi ya maelezo: kiharusi, saratani, moyo. Anairudisha kabatini na kuendelea kuumia. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba maonyo hayo mazito yataondolewa, na wapo wataalamu walioona imekwenda mbali mno kwa dawa za kumeza. Kwa krimu, nadhani ilichelewa.