Moshi wa Meskali Haufukizwi Mezani

Ukitafuta mtandaoni namna ya kutengeneza kokteli yenye moshi, utaonyeshwa mtu anachoma kijiti cha mdalasini, anafunika bilauri, kisha anafunua polepole ili kamera inase wingu. Mimi naona ni maigizo. Kama pombe uliyonunua ni meskali, moshi umeshaulipia.

Meskali ni pombe kali itokayo Meksiko, hasa jimbo la Oaxaca, na hutengenezwa kwa agave, mmea wa ukoo mmoja na mkonge. Ukitoka Nakuru kuelekea Marigat utayaona mashamba ya mkonge pale Mogotio. Sisi tunataka jani, tupate kamba. Wao hukata majani yote, wakabaki na shina lililovimba kama nanasi kubwa. Espadín, aina inayotumika zaidi, hukaa shambani miaka 6 hadi 8 hivi ndipo ikomae. Kisha huchimbwa shimo, kuni zikawashwa, mawe yakakolea moto, mashina yakapangwa juu yake na kufukiwa kwa udongo kwa siku kadhaa. Moshi huingilia humo. Tekila nayo ni ya agave, ila yake kwa kawaida huivishwa kwa mvuke, ndiyo maana haina harufu hiyo.

Aliyekulia kwenye mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, hahitaji kuelezwa sana. Kibuyu husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet kabla maziwa hayajaingia. Hakuna anayekuja baadaye kufukiza kikombe mbele ya mgeni.

Kazi inayobaki nyumbani ni uchachu na utamu. Mililita 60 za meskali, 30 za ndimu, 20 za asali. Ndimu ikamuliwe saa hiyo hiyo. Ile ya chupa ina uchungu unaokaa kooni. Asali natumia ya Baringo, ile nyeusi inayouzwa kando ya barabara, nikiwa nimeilegeza kwa maji moto kiasi sawa, la sivyo barafu ikiingia inaganda chini. Ionje kwanza, maana nyingine hurinwa kwa moshi mwingi, na harufu mbili za moshi kwenye bilauri moja zitagombana.

Halafu ute wa yai moja. Hapa ndipo wengi huharakisha. Tia kila kitu kwenye chupa ya jemu yenye mfuniko wa kukaza, tikisa bila barafu kwa nguvu, ukishikilia mfuniko. Sikiliza: mwanzoni ni maji yanayopiga kioo, baadaye sauti inakuwa nzito, imefifia. Hilo ni povu. Sasa weka barafu, tikisa tena mpaka chupa iume vidole, uchuje kwa chujio la chai. Povu litapanda juu lenyewe, jeupe, limeshikana. Anayeogopa yai bichi aliache. Atakosa ulaini, ladha ataipata.

Matone mawili ya Angostura, kiungo kichungu cha chupa ndogo, juu ya povu yanatosha. Chumvi ukingoni mwa bilauri siipendi, inaufunika moshi wenyewe.

Meskali ni ghali, na si kila duka la pombe hapa mjini huiweka. Ukikosa, tumia tekila, kinywaji ni kizuri vilevile, ila usikiite cha moshi. Mimi chupa yangu naificha, na mgeni anayeomba aongezewe soda nampa bia.